Unguja wakati wa masika



Kikundi kimoja cha likelemba hapa Kalemie kimetuuliza hivi: feza waliyoweka miaka miwili kwa safari ya Zanzibar, waitumie vakanse ya Pasaka, ao wangojee vakanse kubwa ya mwezi wa saba? Watu wamewatisha kwamba mwezi wa nne kule ni mvua tupu. Sisi walimu watatu tulienda mwezi wa nne mwaka jana, na tunajibu kwa yale tuliyoyaona: nendeni Pasaka, lakini mjue mnaenda kuona nini.

Mvua ni kweli. Wenyeji wanaiita masika, yanashika tangu mwezi wa tatu mpaka wa tano, na wa nne ndio mkali. Lakini nani kati yetu anaogopa mvua ya mwezi wa nne? Ilinyesha sana usiku na asubuhi, mchana jua likatoka. Njia za mji zinajaa maji, basi mvae kandambili. Hoteli nyingine za pwani zinafungwa mpaka mwezi wa sita, na zile zinazobaki wazi zinashusha bei. Chumba cha dola 60 tulilipa 30, pamoja na chakula cha asubuhi.

Kwa bahari, tujihazari zaidi na upepo kuliko mvua. Upepo wa kusi unavuma kwa nguvu mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati ule ule wa vakanse kubwa. Meli Skagit, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe mwezi wa saba 2012, na watu wengi walikufa. Sisi wa ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mwezi wowote, mkiona meli imejaa kupita kiasi, shukeni, hata kama tiketi imelipwa.

Mjini tulipanda daladala, gari la abiria, mpaka Paje upande wa mashariki. Pale bahari inaondoka. Ziwa letu halifanyi hivyo: maji yanarudi nyuma mbali sana, mchanga unabaki wazi, na akina mama wanaingia kwa miguu na kamba zao kulima mwani. Kazi hiyo ilianza pale karibu mwaka 1989, na wanaoifanya wengi sana ni wanawake. Wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba kati ya vijiti, wanavuna, wanaanika. Wakati wa masika kuanika ni taabu, maana jua linakuja na kuondoka. Tena maji yakipata joto sana mwani unaoza. Ile aina yenye bei nzuri ndiyo inayokufa kwanza.

Mama mmoja wa umri wetu alitueleza kwamba kijana wake anafanya kazi hotelini, na tangu mwisho wa mwezi wa tatu amerudishwa nyumbani bila mshahara mpaka hoteli ifunguliwe. Basi ile nusu bei tuliyoifurahia, kuna nyumba inayoilipa. Mama huyo aliuza sabuni ya mwani. Siku ile wanunuzi tulikuwa sisi peke yetu, na angekubali bei yoyote. Tunajua sisi wote namna ya kukata bei sokoni, hata tunajisifu, pale msikate.

Mjini msipite Mkunazini haraka. Soko la watumwa lilikuwa pale mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na kanisa la Waanglikana likajengwa juu yake. Nje kuna shimo lenye sanamu tano za watu, minyororo shingoni. Misafara kutoka Maniema ilivuka ziwa letu hili kwenda Ujiji, halafu pwani. Tippu Tip aliyetawala Kasongo alizaliwa Zanzibar na kufa huko mwaka 1905. Kiswahili tunachofundishia watoto masomoni kilikuja kwetu kwa njia ile ile. Wakati wa wageni wengi, kila kundi linasukumwa na lile la nyuma. Sisi tulikaa karibu saa nzima. Mmoja wetu, ambaye bibi yake alitoka Kasongo, hakusema neno mpaka jioni.

Mchukue pasiporti na karte ya chanjo ya homa ya manjano. Bila hiyo karte mtu wa Congo atasumbuliwa. Vikwembe vyetu vinafaa sana, maana kule mabega na magoti hufunikwa. Muangalie pia Ramazani imeangukia wapi, kwa sababu mchana vyakula vingi vitafungwa, na si adabu kula njiani.

Hesabu ya nauli yote, toka boti ya Kigoma, treni mpaka Dar es Salaam na meli ya Unguja, tumeiandika kwenye kayé. Kikundi kinachoitaka kitume mama mmoja shuleni Jumamosi, mbele ya saa sita.