Kamera kwa Mtu wa Kuangusha Vitu

Wako watu ambao vitu havikai mikononi mwao. Kikombe huwaponyoka, taa huwaangukia, funguo hutumbukia chooni. Si walevi wala si wazembe. Ndivyo walivyo tangu utoto. Mimi ni mmoja wao, na mke wangu huninywesha chai katika kikombe cha bati. Kwa hiyo leo nikizungumza juu ya kamera kwa watu wa namna hii, usidhani ninawacheka.

Mama mmoja wa Pugu Kajiungeni ndiye aliyenitia katika habari hii. Tulikutana barabarani ya kwenda Kisarawe, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia, kisha akaniambia, “Mwanangu, wewe unayesoma soma mambo, nitajie kamera isiyovunjika. Nina mbuzi watatu, nitawauza.”

Nikamwuliza ana haraka gani na kamera. Akanieleza. Alikuwa na simu yenye picha zake zote. Siku moja aliichomeka kwenye upindo wa khanga kama wafanyavyo akina mama wengi, akainama kuchota maji, ikatumbukia katika pipa. Aliitoa, akaitia katika mchele usiku kucha, asubuhi akaipeleka kwa fundi mmoja, naye akaichomeka chaja papo hapo ili aone kama inawaka. Haikuwaka tena. Miezi mitatu baadaye mumewe alifariki. Nyumba nzima ilitafuta picha yake ya kuweka juu ya jeneza, haikupatikana hata moja ila ile ndogo ya kitambulisho, nayo ilipokuzwa uso ukawa ukungu mtupu. “Watu waliokuja kuzika hawakumtambua,” akasema. Na sasa mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, yuko Kisarawe, na miguu imeanza kuvimba.

Basi, msomaji, unaona kwamba hili si jambo la anasa.

Nilimjibu kwamba kamera isiyovunjika haijatengenezwa. Ziko zinazochelewa kuvunjika, na kabla ya kuzitafuta yafaa mtu ajiulize: mimi huviharibu vitu kwa njia gani? Kuna wa kuangusha, kuna wa kumwagia maji, na kuna wa kusahau juani au kuviweka mahali pa vumbi. Dawa ya mmoja siyo dawa ya mwingine, na fedha nyingi hupotea kwa kununua dawa ya ugonjwa ambao huna.

Nianze na kamera kubwa ya sifa. Iko moja iitwayo OM System Tough TG-7, iliyotoka mwaka 2023, mtoto wa zile zilizoitwa zamani Olympus. Watengenezaji wake wasema yaweza kuzama mita 15 ndani ya maji, kuanguka kutoka mita 2.1, kubeba uzito wa kilo 100 juu yake, na kustahimili baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hiyo ya baridi tuwaachie watu wa Ulaya. Uzuri wake mkubwa kwa mtu wa kuangusha ni kwamba lenzi yake haichomozi nje. Husogea ndani kwa ndani. Kamera nyingi ndogo, ukiziwasha, hutoa mdomo kama kobe atoavyo kichwa, na mdomo huo ndio ugonjwa wao. Chembe moja ya mchanga ikiingia pale, au ikianguka ikiwa imetoa mdomo, meno ya ndani hukatika na kamera imekwisha. Kwa hiyo ukienda Kariakoo kutafuta kamera ya mtumba, iwashe na kuizima mara kumi, na utegee sikio. Ikikoroma kama kinu cha unga, irudishe kwa mwenyewe.

Lakini TG-7 ilipotoka, bei yake huko Marekani ilikuwa karibu dola 550. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni moja, kabla ya nauli na ushuru. Hiyo ndiyo fedha ambayo mtu huingia nayo mnadani Pugu akitafuta ng'ombe. Tena kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti kubwa: kinachozuia maji katika kamera hizi ni mpira mwembamba uliozunguka mlango wa betri. Unywele mmoja au punje ya mchanga ikikaa juu ya mpira huo, maji yatapita. Watengenezaji hushauri mpira huo ubadilishwe kila mwaka. Niambie, nani kati yetu atafanya hivyo? Kwa sababu hiyo, mtu akikuuzia kamera ya namna hii iliyotumika miaka mitano, ihesabu kuwa ni kamera ngumu ya mvua na vumbi. Usizame nayo baharini.

Habari ya kuanguka pia isikudanganye. Mara nyingi vipimo hivyo hufanywa kwa kudondosha kitu juu ya ubao. Ukumbi wako una saruji, na njia zetu zina mawe.

Wengi wetu hatutanunua kamera peke yake, twapiga picha kwa simu. Hapo yafaa ujue kusoma sanduku. Ukiona herufi IP na tarakimu mbili mbele yake, tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa, yaani vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji. Ikiwa ni 7, chombo hicho kilizamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 na hakikudhurika; ikiwa ni 8, ni zaidi ya hapo, kwa kina anachokitaja mtengenezaji mwenyewe. Samsung Galaxy A54 ya mwaka 2023, kwa mfano, ina IP67. Maji ya kipimo ni maji matamu, siyo ya bahari wala ya mapovu ya sabuni. Na tarakimu hizo hazisemi neno lolote juu ya kuanguka. Simu yaweza kuwa IP68 na kioo chake kikapasuka siku ya kwanza. Kikishapasuka, maji yamepata mlango. Hali kadhalika simu iliyokwisha kufunguliwa na fundi. Gundi iliyoziba pembeni imebanduliwa, na nadra sana kurudishwa kama ilivyokuwa. Anayekuuzia simu ya mtumba huku akisema “hii haiingii maji”, mwambie aitumbukize yeye kwanza.

Sasa juu ya mchele. Najua karibu kila nyumba inaamini mchele, na mimi niliamini. Mchele hauvuti maji yaliyoko ndani ya simu kwa namna yoyote ya maana, na vumbi lake huingia katika matundu. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake waziwazi wasitie simu zao katika mchele. Simu ikitumbukia, itoe, izime upesi, usiichomeke chaja hata kidogo, toa kadi zote, ikung'ute matundu yakitazama chini, kisha iweke kivulini mahali penye upepo siku nzima au mbili. Umeme ukikutana na maji ndipo uharibifu unapokuwa mkubwa. Fundi yule wa mama hakumtakia mabaya, ila ile chaja ndiyo iliyomaliza kazi ambayo pipa liliianza.

Lakini kosa lililomwumiza mama yule lilikuwa jingine kabisa, nalo lilitendeka zamani kabla ya pipa. Simu yake ilikuwa na nafasi ya memori kadi, na nafasi hiyo ilikuwa tupu. Picha zote zilikaa katika tumbo la simu. Kadi ile ndogo kama ukucha haina kitu cha kuzunguka wala cha kupasuka. Ikilowa katika maji matamu na kukaushwa vizuri, mara nyingi husomeka tena. Ingekuwamo, na simu ikiwa imeamriwa kuhifadhi picha humo, huenda sura ya mumewe ingekuwa mezani kwake leo. Nilipomwambia hayo alinyamaza kitambo. Nikajuta kidogo kusema, lakini ni afadhali alijua, kwa ajili ya mama yake aliyebaki.

Kumbuka kadi za bandia ni nyingi. Kadi ya bei ya kutupa inayojidai kubeba maelfu ya picha, mara nyingi hubeba chache na kuzifuta nyingine bila kukuambia. Nunua ndogo, ya kweli, uijaribu kwanza.

Wazee wetu walikuwa na bahati moja ambayo hawakuijua. Kamera ya sanduku ya Kodak, ile Brownie iliyouzwa kwa dola moja mwaka 1900, ilikuwa sanduku la karatasi ngumu lenye tundu na kioo, karibu hamna cha kuharibika. Na picha ilikuwa haionekani mpaka isafishwe, kwa hiyo shurti itoke ndani ya kamera. Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zilizopigwa pale zamani bado zatazamwa leo, kwa sababu zilitoka zikawa karatasi. Sisi twapiga picha mia kwa ubatizo mmoja na kuziacha zote katika kitu tunachokibeba mfukoni juu ya bodaboda.

Basi nilimshauri mama nini? Mbuzi watatu hawafiki TG-7, wala A54 mpya. Nilimwambia auze mmoja tu. Anunue simu ya kawaida, mpya, yenye nafasi ya kadi. Fedha zinazobaki ziende katika vitu vinne ambavyo watu huvidharau: kava nene la mpira ambalo kingo zake zimeinuka kupita kioo, memori kadi, mfuko wa plastiki ule wa waogeleaji, wenye kufungwa mdomo, wa kutumia siku za mvua na za kuchota maji, na kamba ya shingoni. Kwa watu kama mimi na yeye, kamba ndiyo kubwa kuliko zote. Kitu kilichofungwa shingoni hakichomekwi katika khanga, hakisahauliki juu ya kiti cha daladala, na kikiponyoka hakifiki chini. Tena ukubwa wa kamera hauna faida kama mwenyewe ataiogopa na kuifungia kabatini.

Alifanya hivyo. Jumamosi iliyofuata alipanda gari kwenda Kisarawe, nami nilikuwa na safari huko, tukafuatana. Bibi alikuwa ameketi barazani akichambua mchicha. Mama alipoinua simu, ikamponyoka mara moja, ikaning'inia tumboni pake kwenye kamba, akacheka mwenyewe. Akapiga picha sita. Kabla ya kurudi Pugu tulipita steshonari moja, tukachapisha mbili, kila moja nakala mbili: za nyumbani kwake, na za dada yake anayekaa Gongo la Mboto, ili moto au mvua isizikute zote mahali pamoja.

Wiki iliyofuata alimpelekea bibi aione. Bibi aliishika mbali na macho, akaitazama sana, kisha akasema hiyo si picha ya kumwonyesha mtu, khanga yake ilikuwa ya jikoni. Akataka apigwe nyingine Jumapili, amevaa kitenge kipya.