Kielezi "Bure" Baina ya Soko na Wimbo

Mwalimu anayeukosoa wimbo wa dansi kwa sababu kielezi chake kina utata anaupima kwa kipimo kisicho chake. Lichukuliwe neno *bure*. Katika mazungumzo ya Kariakoo neno hili lina angalau maana tatu: bila malipo, bila faida na bila sababu. Hata hivyo, ni nadra kuwatatiza wasemaji. Mchuuzi wa Mtaa wa Kongo anayenadi kuwa mashati yake ni "bure" hueleweka mara moja kuwa anasifu bei, wala hakuna mnunuzi anayethubutu kuondoka bila kulipa. Mteja anayekuta duka limefungwa akasema "nimekuja bure" hazungumzii nauli. Kitenzi, kiimbo na bidhaa iliyo mbele ya macho ndivyo vinavyochagua maana.

Wimbo huondoa nyenzo hizo. Itazamwe sentensi hii ya kutunga: *Nilimwambia nampenda bure*. Je, msemaji alipenda bila kudai kitu, alipenda bila kupendwa, au aliambia bila kusikilizwa? Maana ya mwisho haitokani na msamiati bali na sintaksia, kwani kielezi chaweza kuambatana na kitenzi cha kwanza au cha pili. Katika mazungumzo, kituo kifupi kabla ya *bure* kingepunguza shaka. Katika wimbo kituo ni mali ya mahadhi; mwimbaji hupumua pale gitaa linapomruhusu.

Tena utata huo haukuwa pambo. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa, na bendi kama Nuta Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilikuwa chini ya jumuiya na mashirika. Mtunzi aliyetaka kumwambia mkubwa kwamba ahadi zake zimepita bure alihitaji neno ambalo mkaguzi angeweza kulisikia kama kilio cha mapenzi. (Huenda baadhi ya wakaguzi walisikia yote mawili wakanyamaza.)

Kamusi, kwa desturi yake, huorodhesha maana; haisemi kielezi kinatawala kitenzi kipi. Pengo hilo limehamia darasani. Mtahini anayetoa ubeti wa wimbo na kudai maana moja "sahihi" ya kielezi humnyima alama mtahiniwa aliyezisikia zote tatu.