Tamthilia Sebuleni, Kitabu Kabatini



Juma hili tumeona tuzungumzie jambo linalotokea katika nyumba nyingi za Waislamu baada ya swala ya Isha, nalo ni kukaa pamoja mbele ya runinga kutazama tamthilia za Kituruki. Tutaanza na la nyumbani kwetu, kwa kuwa kosa tutakalolieleza ni letu wenyewe.

Usiku mmoja tulikuwa sebuleni tukitazama tamthilia ya Ertuğrul, ile ambayo watoto wanawajua wahusika wake kuliko wanavyowajua majirani. Shujaa alikuwa amezidiwa na mambo, na hapo akatokea Sheikh Ibn Arabi, akamwombea dua na kumpa maneno ya kumtia nguvu. Kijana wetu wa miaka 12 akageuka, akauliza: "Baba, hii ilitokea kweli?" Tukamjibu bila ya kufikiri: "Ndiyo, ilitokea." Farasi wakaendelea kukimbia, na jibu letu likapita kama yapitavyo majibu mengi ya wazazi.

Siku chache baadaye alirudi kutoka shuleni amenuna. Alikuwa amebishana na mwenzake kuhusu Ertuğrul na Ibn Arabi, na mwalimu wao wa historia akamwuliza: "Habari hizo umezipata wapi?" Akajibu: "Kwa baba." Mwalimu akauliza tena: "Na baba yako amezipata wapi?" Hapo mtoto hakuwa na la kusema. Alipotufikishia swali hilo nyumbani, nasi hatukuwa na la kusema. Haya tuliyoyapata siku ile yalikuwa makubwa. Tulikuwa tumempa mtoto habari tusiyo na hakika nayo, naye akaibeba kwa imani, akaenda kuitolea ushahidi mbele ya watu.

Basi tukatafuta. Ertuğrul ni mtu aliyekuwepo. Iko sarafu iliyopigwa katika zama za mwanawe, Osman, ambayo imemtaja Osman kuwa ni mwana wa Ertuğrul. Osman huyo ndiye ambaye dola ya Uthmania imeitwa kwa jina lake, dola iliyodumu kwa zaidi ya miaka 600 hadi usultani wake ulipofutwa mwaka 1922. Lakini yanayojulikana kwa yakini kuhusu maisha ya Ertuğrul mwenyewe ni machache mno. Vitabu vya Waturuki vilivyomsimulia kwa urefu viliandikwa katika karne ya 15, zaidi ya miaka 100 baada ya kufariki kwake. Ama Sheikh Muhyiddin Ibn Arabi, habari zake zinajulikana vyema: alizaliwa Murcia, katika Andalusia, mwaka 1165, akaishi kwa muda katika nchi ya Anatolia, akafariki Damascus mwaka 1240. Ushahidi kwamba wawili hao walikutana, hakuna. Watunzi wa tamthilia hiyo, iliyoonyeshwa Uturuki kuanzia mwaka 2014 hadi 2019, walichukua majina machache ya historia wakayajengea ulimwengu mzima.

Mama yetu, ambaye ndiye bibi wa watoto, aliposikia mazungumzo hayo alitoa hukumu papo hapo: "Si nilisema mimi? Hicho kidude kiondoeni humu ndani. Mtoto asome Qur'ani na vitabu vyake, basi."

Wako wazazi wengi, na masheikh wetu pia, wenye rai hiyo, na hoja zao ni nzito. Tamthilia hula muda, huchelewesha swala, na baadhi yake zina mambo ambayo baba na binti yake hawawezi kuyatazama wakiwa wamekaa pamoja. Hatuzipuuzi hoja hizo. Kwetu swala ikiingia runinga huzimwa, na ziko tamthilia ambazo haziwashwi kabisa. Hata hivyo tulimkumbusha mama jambo moja. Tulimwambia: "Mama, si wewe uliyetuhadithia jinsi mlivyokuwa mkisomewa utenzi wa Herekali usiku, mpaka watu wazima wakitokwa na machozi?"

Akajibu: "Ile ilikuwa dini."

Utenzi huo, ujulikanao zaidi kwa jina la Utendi wa Tambuka, ulitungwa na Mwengo bin Athumani huko Pate mwaka 1728. Una zaidi ya beti 1,000, nao ni miongoni mwa tungo kongwe kabisa za Kiswahili ambazo hati zake zimetufikia. Ndani yake mna mapigano makubwa baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Warumi. Lakini aliyesoma sira anajua kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alipotoka kwenda Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijria, vita havikupiganwa. Majeshi ya Warumi hayakutokea, na Waislamu wakarejea Madina. Vilivyopiganwa ni vita vya Muta, mwaka mmoja kabla yake, ambako Jaafar bin Abi Talib aliuawa shahidi. Kisa alichokisimulia Mwengo kilikuwa kimekwisha kupambwa na wasimulizi wa Kiarabu waliomtangulia.

Hatusemi haya kwa kuushusha utenzi ule. Ni hazina, na mtu asiyeujua hajajua Kiswahili kilikotoka. Tunasema tu kwamba jamaa kukaa usiku na kusikiliza kisa cha mashujaa, huku moyo ukidunda kutaka kujua nani atasalimika, ni raha waliyokuwa nayo wazee wetu. Utenzi tunaouita leo fasihi ya kale ulikuwa ndio burudani ya watu wa wakati wake, na walioupenda hawakuwa wanazuoni peke yao.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Haya, na atazame. Lakini swala kwanza. Na la kutungwa asiliite la kweli."

Maneno hayo yana asili katika elimu ya dini yetu. Imam Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 597 wa Hijria, aliandika kitabu kizima kuhusu wasimulizi wa visa, watu waliokuwa wakikusanya makundi misikitini na barabarani. Aliwakemea vikali waliozua habari na kumsingizia Mtume (s.a.w.). Lakini yeye mwenyewe alikuwa mhubiri mashuhuri, na watu walimiminika kumsikiliza. Alichotaka ni msimulizi awe na elimu ya kile anachokieleza na ajue amekipokea kwa nani. Swali la yule mwalimu wa historia, "umezipata wapi," ndilo swali ambalo maulamaa wa hadithi walilijengea elimu ya isnadi. Ingekuwa aibu kwetu kuacha swali hilo lizoeleke shuleni na lisahaulike majumbani mwetu.

Kijana hakuacha kuipenda tamthilia yake baada ya kujua ukweli. Alitaka zaidi. Akauliza: "Sasa, hakuna mtu yeyote aliyewaona watu hawa kwa macho yake akaandika?" Tukafungua kabati, tukatoa kitabu cha safari za Ibn Battuta.

Msafiri huyo alizaliwa Tangier, nchini Morocco, mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325 kwa nia ya kuhiji, akazunguka sehemu kubwa ya dunia ya wakati ule, na simulizi yake ikakamilika kuandikwa mwaka 1355 kwa mkono wa Ibn Juzayy. Katika nchi ya Anatolia alikutana na Orhan, mwana wa Osman, yaani mjukuu wa Ertuğrul. Ameeleza kwamba Orhan alikuwa mkubwa wa wafalme wa Waturuki wa nchi ile kwa mali na askari, mwenye ngome zinazokaribia 100, na kwamba alizizungukia daima bila ya kukaa katika mji mmoja mwezi mzima. Kijana alifurahi kana kwamba yeye ndiye aliyekutana naye.

Kisha tukamrudisha nyuma kurasa kadhaa, kwa sababu kabla ya kufika kwa Orhan, Ibn Battuta alikuwa amefika kwetu. Mwaka 1331 alipita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa, akausifu mji wake kuwa ni miongoni mwa miji mizuri. Alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa wingi wa ukarimu wake. Jumba la sultani huyo, Husuni Kubwa, magofu yake yangali Kilwa Kisiwani, na magofu ya Kilwa pamoja na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981.

Ibn Battuta amesimulia kwamba Ijumaa moja, baada ya swala, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani na kumwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akaingia katika chumba cha khatibu, akavaa nyingine, akampa zile. Watu wakamshukuru sana kwa unyenyekevu huo. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa 10, na sultani alipoona jinsi watu walivyolisifu tendo hilo, akaamuru apewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tulikuwa tukimsomea kwa furaha, tukiona fahari kuwa naye wa kwetu amo kitabuni. Kijana akauliza: "Baba, hao watumwa 20 walikuwa watu wa wapi?"

Wepesi ungekuwa kugeuza ukurasa. Katika tamthilia swali kama hilo halina nafasi, kwa kuwa mwema ni mwema mpaka kipindi kinakwisha. Lakini tulikwisha kujifunza gharama ya jibu jepesi. Tukamwonyesha, katika kurasa zizo hizo, Ibn Battuta anaposema kwamba sultani huyo alikuwa akizishambulia mara kwa mara nchi za Wazanji na kuteka ngawira. Yaelekea basi walikuwa watu wa bara hili letu. Kijana akatazama kitabu, akasema: "Sultani ametajwa jina. Hao 20 hawakutajwa."

Tulimwambia kwamba hivyo ndivyo. Ukarimu wa sultani umeandikwa, na watu waliotolewa zawadi nao wameandikwa, katika ukurasa mmoja, na Muislamu mkweli husoma yote mawili. Dini yetu imehimiza kumwacha huru mtumwa, ikaifanya kazi hiyo kuwa kafara ya makosa kadhaa, na bado mbele ya msikiti wa Kilwa watu walitolewa kama hidaya. Kuliona hilo hakumpunguzii mtoto mapenzi ya dini yake wala ya mji wake. Kunamfunza kwamba mapenzi hayana haja ya kulindwa kwa uongo.

Ndugu wasomaji, kutokana na hayo tunawaletea mambo matatu ambayo sisi tumeyashika. La kwanza, mtoto akiuliza "ni kweli?" na hatujui, tumwambie "hatujui, tutafute." Jibu hilo halimvunjii mzazi heshima. La pili, kila tamthilia ya historia inayoingia sebuleni iwe na kitabu chake kabatini, na kurasa mbili tatu zisomwe kwa sauti mbele ya wote, wakati hamu ingali moto. La tatu, tuwaketishe wazee wetu watusomee tenzi na kasida walizozihifadhi, na tuzirekodi kwa simu hizi hizi tunazozilaumu. Na ikiwa katika sanduku la nyumba mna hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zisitupwe kwa sababu hakuna ajuaye kuzisoma. Atafutwe ajuaye.

Kwetu tamthilia bado inatazamwa. Majuzi, ilipokwisha, bibi alimwita mjukuu wake aketi karibu na mkeka wake, akaanza kumsomea beti alizozikumbuka za utenzi wa Herekali, kwa sauti ile ile aliyoisikia utotoni. Kijana alikuwa ameiweka simu mbele yake ikirekodi. Alipofika penye mapigano, mjukuu akamkatiza: "Bibi, vita hivi vilitokea kweli?"

Bibi akamtazama, akasema: "Havikutokea, mjukuu wangu. Sasa nyamaza, usikilize. Hapa ndipo patamu."