Nani aruhusiwe kusimamisha kesi ya jinai?

Mnamo Mei 2005, kesi ya mauaji iliyokuwa mahakamani mjini Nakuru ilizimwa ghafla. Thomas Cholmondeley, mrithi wa shamba la Soysambu, alikuwa ameshtakiwa kwa kumuua afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, aliiondoa kesi hiyo bila kuhitaji idhini ya jaji. Wamaasai waliandamana kwa hasira.

Katiba ya 2010 ilifunga mwanya huo. Chini ya Kifungu cha 157, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hawezi kuondoa kesi pasipo ruhusa ya mahakama.

Hata hivyo, ungalipo mlango mwingine: mshtakiwa kuiomba Mahakama Kuu ifutilie mbali mashtaka. Nchini India ombi kama hilo ni la kawaida, na sheria mpya ya mwenendo wa jinai iliyoanza kutumika Julai 2024 imeyahifadhi mamlaka hayo. Nchini Kenya, msingi uliwekwa mwaka wa 1986 katika kesi ya Stanley Githunguri. Majaji walizuia ashtakiwe kwa makosa ya miaka mingi iliyopita, ilhali serikali ilikuwa imemhakikishia kwamba hatashtakiwa.

Kinga hiyo ni muhimu. Bila hiyo, polisi wangeweza kugeuza deni au mzozo wa shamba kuwa kesi ya jinai ili kumtisha mtu. Lakini mwenye fedha za kuajiri mawakili anaweza pia kuitumia kuchelewesha haki hadi mashahidi wachoke.

Wakazi wa Solai, Kaunti ya Nakuru, wanaujua uchungu wa kungoja. Bwawa la Patel lilipasuka Mei 9, 2018 na kuua watu 48. Februari 2020, mahakama ya Naivasha iliwaachilia washtakiwa kwa sababu upande wa mashtaka ulizembea. Baadaye Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo, kesi ikafufuliwa.

Kwa hiyo mamlaka ya mahakama ya juu ni upanga wenye makali kuwili: huweza kumwokoa anayeonewa, na huweza kumrejesha kizimbani aliyeponyoka. Jaji anayeombwa kufuta mashtaka hana budi kupima kama yaliletwa kwa nia njema, kisha awasikilize waliofiwa kabla ya kutoa uamuzi.