Kahawa Huchumwa, Haivunwi

Kahawa chungu tunayoinywa barazani baada ya Alasiri twaijua vyema. Lakini lugha ya kuitoa mtini, wangapi twaijua? Naona Kiswahili cha mavuno kinapunguka, na sababu yake ni kuiga.

Kwetu pwani mpunga huvunwa, nazi huanguliwa, embe hutunguliwa, muhogo hung'olewa na karafuu huchumwa. Kila zao lina kitendo chake, kwa vile kazi ya mkono si moja. Siku hizi yote hutiwa katika kapu moja la "kuvuna". Twasoma na kusikia kwamba wakulima "wanavuna kahawa". Asemaye hivyo anatafsiri tu neno la Kiingereza, "harvest".

La ajabu ni kuwa neno hilo lenyewe asili yake ni kuchuma! Wataalamu wa lugha hulihusisha na "carpere" la Kilatini, yaani kuchuma, na "karpos" la Kiyunani, yaani tunda. Kwa Waingereza wa kale lilikuwa jina la msimu, na Wajerumani hadi leo huuita msimu huo "Herbst". Baadaye Waingereza wakaazima "autumn" kwa Wafaransa, na lile la kwanza likabakia kwa kazi ya shambani. Basi aachaye kuchuma ili amfuate Mwingereza, ameiacha maana ya asili ya neno la Mwingereza huyo huyo.

Tutazame Ruiru na Thika, huko bara ambako wengi wetu hukicheka Kiswahili chao. Katika mashamba yao ya kahawa mfanyakazi ni mchumaji. Ujira wake huhesabiwa kwa debe, neno lililotoka Bara Hindi. Kahawa iliyoanikwa na ganda lake huitwa mbuni, na asili yake ni "bunn" la Kiarabu. Maneno hayo yalipita bandarini kwetu, nao wameyatunza.

Lakini hata huko mibuni yang'olewa. Ruiru, iliyoipa jina mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, sasa ina mji wa Tatu City palipokuwa na mashamba ya kahawa. Mti ukiondoka, neno lake hukosa pa kukaa.

Shauri langu ni hili: waandishi, walimu na watangazaji waseme kahawa huchumwa. Nasi wazee wa pwani, mtoto akituambia "nimevuna nazi", tusimcheke. Tumwambie kwa upole: umeangua, mwanangu.