Kabla ya Kulipa Ada

Jumanne, stesheni ya Tabora, nilikaa na dada mmoja aliyekuwa akisubiri treni ya Kigoma. Anahamia Bujumbura kikazi na wanawe wawili. Alinionyesha vipeperushi vya shule mbili za kimataifa, amezungushia kalamu ada, basi na bwawa la kuogelea. Nikamuuliza Kiswahili watakisomea wapi. Akanyamaza. Mdogo ana miaka sita tu. Nikawakumbuka wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapa kati ya Ujiji na Bagamoyo. Walikwenda na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na Kiswahili. Nyerere naye alikuja kusoma Tabora mwaka 1937, akakishika Kiingereza barabara, na mwaka 1963 tafsiri yake ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar, ikachapishwa. Mzigo wa kichwani haumzuii mtu kushika kibuyu mkononi. Shule inayomfanya mtoto ashindwe kuzungumza na bibi yake kwenye simu ni ghali, hata ada yake ikiwa ndogo. Dada yangu, kabla ya kulipa, muulize mwalimu mkuu: mwanangu akiongea Kiswahili uwanjani, ataadhibiwa?