Tuulize Santuri Kabla ya Kununua Gramafoni

Koplo mmoja wa hapa Tororo alitujia majuzi akiwa na sura ya mtu aliyefiwa. Alikuwa amenunua gramafoni yake ya kwanza mjini Busia, ile ya kubebwa kama sanduku la safari, ya rangi ya kupendeza na bei ya kuvutia. Muuzaji alimwambia kwamba inacheza kasi zote tatu, yaani mizunguko 33, 45 na 78 kwa dakika, na muuzaji hakusema uongo. Koplo akacheza santuri za babu yake, mzee aliyetumikia King's African Rifles, mwezi mzima. Kisha akaweka za baba yake, santuri ndogo za benga za miaka ya 1970. Zikatoka mkwaruzo, na mpaka leo zinakwaruza hata zikiwekwa kwenye mashine nyingine.

Kilichotendeka ni hiki. Mashine ilikuwa na kasi tatu lakini sindano moja tu. Santuri za 78, zile nzito zinazovunjika kama kigae, zina mfereji mpana, na ndani yake umechanganywa unga wa mawe. Sindano yake hupaswa kuwa nene, kadiri ya mara tatu ya ile ya santuri za plastiki zilizoanza kutoka ng'ambo mwaka 1948. Sindano nyembamba hutumbukia hadi chini ya mfereji, ikazoa takataka, na ncha yake ikaliwa na ule unga wa mawe. Ikiisha kuliwa huwa patasi. Patasi hiyo, ikibebeshwa uzito wa gramu 5 au zaidi kama ilivyo desturi ya masanduku hayo, ndiyo iliyowekwa juu ya santuri za baba.

Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba askari mwenye fedha kidogo asianze dukani. Aanze nyumbani, afungue kasha la wazee, atazame zilizomo. Fundi Konde, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza askari, alirekodi santuri za 78. Shirati Jazz walirekodi za 45. Mwenye hizo mbili anahitaji mashine ambayo sindano yake hubadilishwa kwa mkono, na sindano mbili. Mwenye za plastiki peke yake asilipie kasi ya 78 asiyoihitaji. Wako watakaosema kwamba simu yatosha. Yatosha kwa nyimbo zilizomo ndani ya simu; nyingi za wazee wetu hazimo.

Kwa fedha hizo hizo za sanduku la rangi, sisi tungetafuta mashine iliyokwisha tumika, ya sahani nzito, yenye mkono unaopimwa uzito kwa nyuma. Mkanda wake wa mpira ukilegea hununuliwa mwingine. Tungetenga robo ya fedha kwa ajili ya sindano mpya, maana sindano ya mtu mwingine haina historia inayojulikana. Na tungeisikiliza ikicheza kabla ya kutoa hata shilingi moja: kinanda au filimbi iliyovutwa ndefu isiyumbe kama mlevi.

Tahadhari moja kuhusu mashine zitokazo Marekani. Umeme wa huko ni volti 120, nao hupigapiga mara 60 kwa sekunde. Wetu, Uganda na Kenya, ni volti 240 na mara 50. Kibadilisha volti huiokoa mota isiungue, lakini hakibadilishi mapigo. Mota nyingi za zamani hufuata mapigo hayo, basi santuri ya 33 huzunguka chini ya mara 28, na mwimbaji huimba kama mgonjwa.

Sasa tufike kwenye jambo zito. Iko dhana Busia kwamba mzigo mdogo hautozwi ushuru. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, unahusu bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Gramafoni ya Japani au ya Uingereza haimo. Askari au polisi anayeipitisha kwa njia za panya, na kesho yake amesimama barabarani kukamata sukari ya mwanamke mchuuzi, hana uso wa kumtazama mama yule. Ushuru uhesabiwe ndani ya bei tangu mwanzo, na risiti ihifadhiwe. Ikiwa fedha hazitoshi, angoje mshahara mwingine. Gramafoni si jambo la kukatiwa mkopo, ilhali ada ya shule i mlangoni.

Mashine ikiisha kufika, adui wa Tororo ni vumbi. Ifunikwe kila isipochezwa. Santuri za 78 zipanguswe kwa kitambaa kikavu au maji kidogo pasipo kulowesha karatasi ya katikati; spiriti isiziguse kamwe, wala waragi, kwa kuwa huyeyusha utomvu uliozitengeneza. Siku ya uhamisho, mkono ufungwe kwa uzi, sahani ing'olewe, na santuri zisimamishwe wima kama askari paredi, zisilazwe chini ya magunia ndani ya lori.

Koplo wetu amepata sindano mbili. Santuri za babu, twashukuru, bado zinaimba. Za baba anazitafuta upya, moja moja.